Sauti ya Juu

Kinyongo kikilelewa vizuri hudumu kuliko ndoa nyingi. Cha Jerioth kilikuwa kimetoka Nakuru hadi Riyadh bila pasipoti wala viza, na sasa kilikuwa kimenenepa kumshinda mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mfanyakazi wa nyumbani katika jumba la ghorofa mbili, na aliwahi kusomea mambo ya hoteli. Kila asubuhi akipiga deki ngazi za madam alikuwa na mtu wa kugombana naye kichwani. Mtu huyo aliitwa Mitchelle.

Na tuseme ukweli, kosa lenyewe ukilisikia unaweza kucheka. Hakunyang'anywa mume wala hakurogwa. Alinyang'anywa wimbo.

Enzi hizo za chuo, tamthilia ya Kifilipino ikianza kwenye runinga ya hosteli, wasichana walikuwa hawashikiki. Ugali ungepoa, nguo zingenyeshewa kambani, na hakuna ambaye angeinuka. Wengine walipenda wale wanaume wa mle ndani, wenye nywele laini na machozi ya karibu. Jerioth alipenda nyimbo. Nyimbo za mapenzi za Kifilipino huanza polepole, mtu anaomba radhi tu, kisha zinapanda, zinapanda, mpaka unajikuta umeshikilia kiti. Yeye na Mitchelle, aliyelala kitanda cha chini yake, walizishika kwa masikio matupu. Leo wanadaka mstari mmoja, kesho mwingine, na hawakujua maana ya neno hata moja isipokuwa lile la mapenzi, ambalo lilikuwa limechorwa kwenye kila ukuta wa bafu. Mitchelle aliimba sauti ya chini, Jerioth akaimba ya juu. Na hiyo sauti ya juu, tusimnyime mtu haki yake, ilipopanda hata mpishi wa chuo alitoka jikoni na mwiko mkononi ili asikilize.

Wimbo mmoja waliuchagua kwa ajili ya siku ya utamaduni. Walijiandaa muhula mzima. Fundi mmoja wa mtaa wa Shabab, palepale Nakuru, aliwashonea magauni mawili ya satini ya njano, mabega yamesimama wima kama walivyoona kwenye tamthilia. Siku yenyewe Jerioth akafika nyuma ya pazia na kumkuta Winfred ndani ya gauni lake. Winfred alikuwa binti mzuri wa darasa la ususi, na katika kuimba alijua kuitikia tu. Asubuhi ile mwalimu wa burudani alikuwa ameamua kwamba Winfred ndiye anayependeza jukwaani. Mitchelle alikuwa mbele ya kioo akijipaka rangi ya mdomo, na hakugeuka.

Jerioth akaenda kuketi na watazamaji. Kwa kuwa Winfred hakuweza kuifikia sauti ya juu, waliushusha wimbo, wakauimba chinichini mpaka mwisho, na watu wakashangilia vilevile. Hilo la kushangilia ndilo lililomkata maini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile sauti imekwenda wapi.

Alimaliza chuo bila kumsemesha Mitchelle. Kazi ya hoteli ikawa ndoto, kazi za kuosha masufuria katika mikahawa zikaja na kwenda, mwishowe akaja wakala na maneno yake matamu, na Jerioth akajikuta Riyadh. Jina lake lilimshinda madam siku ile ile ya kwanza. Madam alijaribu mara mbili, akacheka, akasema Mariam, halas, yaani basi. Kuanzia hapo aliyekuwa Jerioth akawa Mariam, na Mariam hakuwa na historia yoyote zaidi ya ndoo.

Nafuu yake ilikuwa Luz. Luz alikuwa Mfilipino, mpishi wa nyumba ile kwa miaka mingi, mama mfupi mwenye kicheko cha karibu. Siku moja akikata vitunguu akaanza kuimba, na wimbo ulikuwa ule ule. Jerioth, mikono ikiwa ndani ya sinki, akaupokea kwa sauti ya juu kabla hajajua anafanya nini. Luz akaweka kisu chini, akacheka mpaka akakaa, maana matamshi yalikuwa ya ajabu. Kisha akafuta macho, akaanza kumrekebisha neno kwa neno. Wakaimba hivyo miezi na miezi, na jikoni pakawa mahali pa kuishi. Lakini Jerioth alipomwambia kwamba wimbo ule alijifunza akiwa chuoni, Luz alicheka, akampiga bega kwa upendo na kuuliza, Mariam, wewe na chuo wapi na wapi? Hakuwa na ubaya. Alikuwa amezoea kumwona na ndoo.

Mkataba wa Luz ukaisha, akarudi kwao. Jerioth akabaki na Lujain, binti wa nyumba, mtoto wa miaka mitano, akimwimbia ule wimbo, ambao mtoto aliuita wimbo wa Luz, wakati wa kumwogesha. Mwaka huo huo mama yake Jerioth akafariki. Mama alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani kule Molo ili amsikie bintiye akipandisha wimbo, na akazikwa bila kuimbiwa na binti huyo, kwa sababu madam alisema tikiti mafi, hakuna, mpaka mkataba uishe.

Ndipo jambo lile likamwingia Jerioth na kukataa kutoka. Hakuwa amebaki na mtu anayejua kwamba aliwahi kuwa na kipaji. Luz hakuamini, mama yuko kaburini, na yeye mwenyewe akijitazama kwenye kioo cha bafu la madam alianza kuwa na shaka. Aliyekuwa na ushahidi ni mmoja tu duniani, naye alikuwa adui yake.

Mungu ana mizaha yake. Ijumaa moja, madam alipomrudishia simu baada ya chakula cha mchana kama kawaida, Jerioth alikuwa akisikiliza sauti zilizotumwa kwenye kundi la wanawake wa Kenya walioko Saudia. Mmoja aliuliza dawa ya mikono iliyochunwa na sabuni ya vyoo. Alisema yuko Jeddah, mtaa wa Aziziya, na anaitwa Mitchelle. Hakuhitaji kutaja jina. Jerioth alikuwa amelala juu ya sauti ile ya chini miaka miwili.

Akamwandikia kwamba ni Jerioth wa Nakuru, wa chuo. Jibu lilikuja hapo hapo, limejaa mioyo: Jeri wangu! Siamini! Lazima tuonane! Jerioth alifunga mlango wa chumba cha kufulia na kulia. Alikumbukwa. Wiki zilizofuata alipanga maneno yake, akayapangua, akayapanga tena. Hakutaka ugomvi. Alitaka Mitchelle aketi mbele yake aseme kwa kinywa chake: ulikuwa na sauti, ilikuwa yako, na tulikukosea. Waswahili walishasema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Jerioth aliijua methali hiyo vizuri, ila alidhani inahusu watu wengine.

Likizo ya shule ilipofika, familia yote ilikwenda Jeddah kwa dada yake madam, mtaa wa Nuzha, na Jerioth akabebwa pamoja na masanduku. Sasa, mfanyakazi wa nyumbani haagi akatoka kwenda kuona rafiki. Lakini kuna ujanja ambao wadada wote wanaujua: hamu yako unaipanda ndani ya mtoto. Kila akimchana Lujain nywele, Jerioth alimsimulia habari za jengo la maduka la Aziziya, walikopatana kukutana na Mitchelle, lenye uwanja wa kuchezea, bembea, na dimbwi la mipira ya rangi ambamo mtoto anazama mpaka shingoni. Haikuchukua muda, Lujain akagoma kula. Madam akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi haijulikani wanayatoa wapi mambo haya, akaagiza gari. Kule Aziziya, Mitchelle naye alikuwa ameshaipanda hamu yake ndani ya watoto wa tajiri wake.

Pembeni ya uwanja ule kuna benchi refu ambapo wadada huketi wakiwa wamepakata viatu vya watoto. Madam na dada yake wakaenda kunywa kahawa. Mitchelle alikuwa ameshafika. Jerioth alimpita mara ya kwanza bila kumjua, kwa maana yule msichana wa rangi ya mdomo alikuwa amekauka, macho yameingia ndani, vidole vimefungwa plasta. Wakakumbatiana kwa nguvu, viatu vikaanguka.

Mitchelle ndiye aliyeanza kuongea, na maneno yalimtoka bila mpango. Nyumba anayofanyia kazi ina bibi mgonjwa wa kugeuzwa usiku kucha, kwa hiyo usingizi wake ni wa kuibaiba sakafuni. Kafili, yaani tajiri aliyemwajiri, ameshikilia ikama, kibali chake cha kuishi nchini. Mkataba ulikwisha zamani, na kila akiuliza anaambiwa baada ya Ramadhani, bila kuambiwa Ramadhani ipi. Katikati aliuliza kama Jerioth ni wa Kitale. Jerioth akasema ni wa Molo. Baada ya muda kidogo akauliza tena.

"Unakumbuka siku ya utamaduni?" Jerioth akauliza.

Mitchelle akatabasamu, kama anayengoja kusaidiwa. "Gani hiyo?"

"Wewe na Winfred. Magauni ya njano."

"Winfred." Akalitafuna jina. "Kuna Winfred tulikuja naye kwa ndege. Ni huyo?"

Jerioth akamweleza. Alieleza kitanda cha juu na cha chini, runinga, fundi wa Shabab, pazia, kioo. Yale maneno aliyoyapanga kwa wiki nyingi yakamtoka makavu, na Mitchelle akasikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza msiba wa jirani asiyemfahamu.

"Mimi niliimba?" Mitchelle akauliza. "Mbele ya watu?"

Hasira ikampanda Jerioth, na kusema kweli ilimfurahisha, kwa maana hasira ile ilikuwa ndugu yake wa miaka mingi. Akamkazia macho Mitchelle akitafuta uongo. Hakuupata. Basi akainama karibu na sikio lake, katikati ya kelele za watoto, akamwimbia mistari ya kwanza, sehemu ya Mitchelle mwenyewe, ile ya chini. Mitchelle akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni tamu," akasema. "Ni ya huku?"

"Lakini uliniandikia. Uliniita Jeri wako."

"Huku mtu wa nyumbani akikuita unaitika tu, my dear." Mitchelle alikuwa ameshika viatu vya watoto akivigeuza geuza. "Vitu vinanitoka siku hizi. Asubuhi moja niliamka nikasahau jina la mtoto wangu wa pili. Nilisimama hapo kwa sinki nikilitafuta mpaka madam akaanza kupiga kelele."

Mitchelle akaona amemhuzunisha mgeni wake, akamshika mkono kwa vile vidole vya plasta.

"Kama nilikukosea, nisamehe. Yote uliyosema, nisamehe tu, Jeridah."

Hivyo ndivyo msamaha ulivyokuja, baada ya miaka yote ile, kama peremende anayopewa mtoto anyamaze. Jerioth akasema amemsamehe. Angesema nini kingine? Alitamani Mitchelle angekuwa mbaya. Alitamani angemcheka, angemwambia kwamba Winfred alipendeza kweli na yeye alikuwa na sura ya gunia, mradi amkumbuke. Adui ni mtu anayekujua. Sasa hata huyo hakuwa naye, na pale palipokaa kinyongo palikuwa patupu, pakimuuma.

Walikaa wameshikana mikono mpaka watoto aliokuja nao Mitchelle walipoanza kulia njaa. Mitchelle akawavalisha viatu, akaaga, akaenda hatua chache, akarudi kuuliza kama Jerioth anajua dawa ya mikono. Jerioth akamwambia apake mafuta ya nazi.

Njiani kurudi Nuzha, madam na dada yake walikaa kiti cha kati, Jerioth nyuma kabisa na Lujain. Mtoto alikuwa amechoka na amefurahi. Akaanza kuimba peke yake, kwanza kwa kunong'ona, kisha akaupandisha wimbo wa Kifilipino hadi juu kabisa, sawasawa, kila neno mahali pake. Jerioth akageuka kumtazama. Hivyo ndivyo alivyoimba yeye. Vituo vya kuvuta pumzi vilikuwa vyake, na ule mvuto mdogo kabla ya kupanda ulikuwa wake, hata Luz hakuwa nao.

Dada yake madam akapiga makofi. Madam akageuka, uso umechangamka, akamuuliza bintiye ni nani aliyemfundisha.

"Luz," Lujain akasema.

Madam akamsimulia dada yake habari za Luz, jinsi alivyokuwa na sauti ya dhahabu, na jinsi nyumba haijapata mtu kama yeye tangu aondoke. Kisha akakumbuka kwamba kuna mtu nyuma ambaye naye alikuwepo.

"Si ni Luz, Mariam?"

Neno la kujibu lilikuwa fupi. Ana, mimi. Jerioth alilijua tangu wiki yake ya kwanza, na lilimfika ulimini. Lakini wangemuuliza amejulia wapi, angesema chuoni, wangecheka kama Luz alivyocheka, na shahidi wake alikuwa ameachwa Aziziya amebeba viatu vya watu.

"Aiwa, madam," akasema. "Ni Luz."

Madam akarudi kwenye mazungumzo yake. Lujain akaanza wimbo upya, na Jerioth akamwambia kwa upole anyamaze, madam anaongea.