Kisahani cha Kina Kirefu

Kila nyumba aliyoajiriwa, fundi wa bwawa aliingia na vitu viwili vyake mwenyewe: kisahani cheupe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, na kufuli. Wavu ulikuwa wa mwenye nyumba, brashi ya mwenye nyumba, klorini ya mwenye nyumba, hata buti alizovaa zilikuwa za mwenye nyumba mmoja aliyezichoka. Lakini kisahani na kufuli vilikuwa vyake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Ndiyo maana watumishi wa nyumba ile walimpachika jina la Kisahani, naye akaliitikia.

Asubuhi, kabla hajashika kazi yoyote, alikitupa kisahani kwenye kina kirefu, pale ambapo mtu mzima angesimama na kunyoosha mikono juu na bado asipumue. Alisubiri kitulie karibu na wavu wa kutolea maji, kisha akasimama ukingoni na kutazama. Akikiona mpaka pale kilipobanduka, alifungua kufuli la geti la uzio. Asipokiona, kufuli halitoki, na anayetaka kuoga aende bafuni na ndoo yake.

"Nisipoiona sahani, sitamwona mtoto," alikuwa akisema, na hakuwa na maelezo mengine.

Jumamosi ile hakukiona. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Sababu aliijua vizuri, maana aliishuhudia kwa macho yake bila kuweza kuizuia. Jumatano Mkurugenzi aliagiza pampu izimwe kwa kuwa mngurumo wake ulimkatiza usingizi wa mchana. Siku tatu chujio halikufanya kazi. Siku tatu jua lilikula klorini. Na Alhamisi rafiki zake Mkurugenzi walitumbukia na jasho lao, mafuta yao ya nywele na manukato yao, wala hakuna hata mmoja aliyepita kwenye bomba la kuogea lililosimama pale pale getini, chini ya maneno aliyoyaandika fundi mwenyewe kwa rangi nyekundu: OGA KWANZA. Mmoja wao alimuuliza anadhani nani hapa ni mchafu. Kisha akajirusha ndani na soksi.

Watu wote walimwita Mkurugenzi, hata mke wake. Mkurugenzi wa nini, jikoni hakuna aliyewahi kupata jibu.

Saa nne asubuhi alitoka akiwa na kikombe cha kahawa, tumbo mbele.

"Hilo kufuli linafanya nini pale?"

"Linafunga, Mkurugenzi."

"Usinifanyie utani! Saa nane mdogo wangu anakuja na binti yake. Anatimiza miaka saba. Watoto kumi na wanne wanakuja kuogelea. Kumi na wanne! Unataka niwaambie waje kutazama kufuli?"

"Waje kesho kutwa. Pampu nimeiwasha, dawa nimetia. Chujio linahitaji usiku na mchana mzima. Maji yakitakata, nafungua."

"Maji ni yangu."

"Ni yako."

"Bwawa ni langu. Geti ni langu."

"Vyote vyako. Kufuli ni langu."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama mende kwenye sahani yake ya chakula. "Wewe mzee una kiburi kisichokuwa na mahali pa kukaa. Hadi saa nane hilo dude liwe limetoka, au utoke nalo."

Fundi akarudi kwenye pampu. Majibu alikuwa nayo, ila yalikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Miaka kumi na tisa nyuma, fundi wa mabwawa katika ukoo wao alikuwa kaka yake mkubwa. Nyumba nyingine, tajiri mwingine, maji meupe yale yale. Kaka yake alisema pasiingie mtu. Mwenye nyumba akasema ingieni, akaamuru muziki uongezwe. Wageni walipotoka kwenda kula, binti wa dobi wa nyumba ile, wa miaka minane, naye akapata nafasi yake ya kuonja maji ya kitajiri. Watu arobaini walikula na kucheka wakilizunguka bwawa lile kwa saa moja na nusu, wakitazama maji, wakisifia maji, na mtoto yumo. Alipatikana maji yalipotolewa.

Mahakamani mwenye nyumba alivaa suti ya kijivu akasema yeye hajui mambo ya maji, fundi ndiye anayejua. Hakimu akamgeukia fundi. "Kwa nini hukufunga?" Kaka yake akasema geti halikuwa na kufuli. Hakimu akarudia, polepole, kama anasema na mjinga: "Nakuuliza, kwa nini hukufunga?" Miaka minne gerezani. Alitoka na kifua kibovu, akamwachia mdogo wake kisahani, na mwaka haukuisha akafa. Mwenye nyumba alihamia nyumba yenye bwawa kubwa zaidi. Watu wa aina ile hawafungwi, wanahama.

Ndipo mdogo mtu akanunua kufuli.

Saa sita na nusu, akiwa anasafisha kikapu cha pampu, alisikia Mkurugenzi akimwita kwa sauti tamu. Sauti ile tamu ilimtia wasiwasi kuliko matusi.

"Njoo, fundi, njoo! Sahani yako hiyo, inaonekana. Maji yametakata. Sasa fungua tuelewane."

Kweli, kulikuwa na sahani majini. Mke wa Mkurugenzi aliiona, mlinzi aliiona, hata mpishi, mama mmoja mnene mwenye ulimi mwepesi, aliyeleta viti vya wageni, aliiona.

"Ee, hiyo si ya lile kabati la kioo?" mpishi akasema. "Ile seti ambayo tunakatazwa hata kuifuta vumbi?"

Mpishi akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sahani ilikuwa na ukingo wa dhahabu. Ilikuwa imelala kwenye ngazi ya pili ya kina kifupi, ambapo hata kuku angesimama akanywa maji bila kulowa mgongo. Mkurugenzi alikuwa ameirusha juu ya uzio kwa mkono wake mwenyewe.

"Yangu haina dhahabu," fundi alisema. "Na haioni aibu kushuka chini."

Mlinzi aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Mkurugenzi akapandwa na damu usoni. Lakini kabla hajafungua kinywa, honi zikalia nje. Wageni walikuwa wamewahi.

Watoto waliingia mbio, wameshavaa nguo za kuogelea, maboya mikononi, wakaubana uzio wa nondo kama kundi la mbuzi kwenye zizi. Nyuma yao mama zao na baba zao, na mbele ya wote dada mdogo wa Mkurugenzi, amemshika mkono binti wa sherehe.

"Mbona pamefungwa, kaka?"

"Muulize huyu. Leo mfagia maji ndiye bosi." Mkurugenzi alinyoosha mkono mbele ya watu wote. "Leta ufunguo. Sasa hivi. Umenidhalilisha vya kutosha."

"Kaka," mpishi alimnong'oneza fundi, "mpe tu. Una miaka hamsini na sita. Nani atakuajiri?"

Fundi aliutoa ufunguo mfukoni. Aliutazama kidogo. Kisha akainua mkono akautupa juu ya uzio, mbali, ukaanguka katikati ya kina kirefu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ufunguo huo hapo," alisema. "Maji si yametakata? Basi atakayeuona aseme ulipo, nitauzamia mwenyewe na kufungua."

Watu wazima zaidi ya ishirini waliinamia uzio. Mmoja alivaa miwani. Mwingine akavua miwani. Mwingine akasema anaona kitu cheusi, mke wake akamwambia hicho ni kivuli chako. Hakuna aliyeuona.

"Nyundo!" Mkurugenzi alinguruma. "Mlinzi, lete nyundo!"

"Nyundo, Mkurugenzi..." mlinzi alijikuna shingo. "Siku hizi nayo siioni."

Mkurugenzi akaenda kuileta mwenyewe. Akapiga mara moja, mbili, akapiga kidole chake, akatukana mbele ya watoto, akapiga tena. Kufuli halikukubali. Kilichokubali ni komeo la geti lake: liling'oka lote na misumari yake, likaanguka kwenye saruji. Geti likafunguka.

"Haya, watoto, ingieni! Ingieni mfurahi!"

Watoto wakasukumana. Dada yake akatia mkono mlangoni, ukawa kizuizi.

"Kaka. Ufunguo uko wapi?"

"Wa nini tena? Geti liko wazi."

"Nimeuliza ufunguo uko wapi. Wewe umejenga bwawa hili, umekaa ukitusimulia miezi sita. Nionyeshe ulipo, mwanangu aingie."

"Unamsikiliza huyu? Mtu wa kuokota majani?"

"Nakusikiliza wewe. Nionyeshe."

Mbele ya shemeji, marafiki na mke wake, Mkurugenzi alivua viatu, akabaki na suruali na shati, akashuka ngazi. Aliipita sahani ya dhahabu. Maji yalipofika magotini, nyayo zilikuwa zimeshapotea. Yalipofika kiunoni, alibaki nusu mtu, amekatwa sawasawa kama kwa kisu.

"Mama," binti wa sherehe akasema, "mjomba hana miguu."

Watoto walicheka. Watu wazima hawakucheka. Mmoja mmoja, mikono ya akina mama ilianza kutafuta mabega ya watoto wao.

Mkurugenzi akaogelea mpaka katikati, akazama. Akaibuka mikono mitupu, macho mekundu. Akazama tena. Akaibuka akipiga chafya. Akazama mara ya tatu, na safari hii akakawia. Uso wa maji ukatulia, mweupe, mzuri, hauonyeshi kitu. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama umbali wa hatua tatu kutoka kwake na hakuna aliyejua yuko wapi. Mmoja alinyoosha kidole kulia, mwingine kushoto.

"Kaka!" dada yake akapiga kelele. "Kaka!"

Fundi alikuwa ameshafika ukingoni na mti mrefu wa kuokolea, ule wenye pete mwishoni, ambao miaka yote aliutundika ukutani na miaka yote Mkurugenzi alisema unaharibu sura ya bustani. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliuingiza majini akapekua polepole kutoka upande hadi upande, meno yameumana, akihesabu kwa ndani.

Kichwa kiliibuka pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyekuwa anapatazama. Mkurugenzi alikohoa, akameza, akakohoa tena. Alikuwa ameugonga ukuta kwa paji la uso akiudhania ni sakafu. Pete ikamfikia kifuani, akaidaka kwa mikono miwili.

"Umefukuzwa kazi," alisema, maji yakimtoka puani.

"Najua. Shika vizuri."

Alimvuta mpaka kwenye ngazi, akamwacha ameketi karibu na sahani yake ya kabatini. Hakuna mtoto aliyeingia majini. Akina mama waliwapeleka kwenye nyasi na maboya yao, wakakatiwa keki wakiwa wamevaa nguo kavu za kuogelea. Dada yake Mkurugenzi alitaka kumshukuru fundi, lakini fundi alimpita. Hakuwa na haja ya shukrani ya nyumba ile. Kesho shukrani hiyo ingevaa suti ya kijivu.

Getini aliinama, akaliokota komeo lililong'oka. Kufuli lilikuwa bado limo, limeuma chuma, limefunga. Alilipangusa kwa shati, akalitia mfukoni na komeo lake.

"Kaka!" mpishi alimfuata mbio mpaka mlango wa nje, kijiko mkononi. "Sahani yako umeiacha!"

Hakugeuka.

"Ibaki hapo hapo," alisema. "Siku mtakayoiona, ndiyo siku ya kuogelea."