Makopo Mawili, Ukuta Mmoja

Kwa brashi, fundi rangi yule hakuwa na mpinzani, ila yeye na hesabu walikuwa paka na panya. Siku hiyo ulimbakia ukuta mmoja wa wodi ya watoto, unaotaka kopo moja na theluthi. Bluu yenyewe aliichanganya kwa jicho. Ikimwishia katikati ya ukuta, haipati tena ileile, na muuguzi mkuu alishasema ukuta wa rangi mbili haupokei.

Yalisalia makopo mawili. Kila jioni fundi huandika mfunikoni kilichobaki: moja liliandikwa theluthi mbili, jingine robo tatu. Akajumlisha kwa chaki sakafuni: mbili na tatu, tano, tatu na nne, saba. Tano juu ya saba. Hata kopo moja halitimii. Akavuta ndoo ya maji aizimue rangi.

Hapo akaingia mama mkwe wake, mwalimu mstaafu, amemletea chakula. Fundi alitaka kuifuta chaki kwa kisigino, akachelewa.

"Mwanangu," alisema mama, "robo tatu ulikuwa nayo kabla hujaongeza kitu. Umeongeza, ikapungua. Kopo lako linakunywa?"

"Mama, hesabu zilinikimbia tangu darasa la nne."

"Umejumlisha vipande visivyolingana, basi. Lete kijiti cha kukorogea."

Akaketi sakafuni, magoti yakilalamika, akachora kijitini alama kumi na mbili, toka kitako cha kopo hadi mdomoni.

"Kumi na mbili inagawanyika kwa tatu, na kwa nne pia. Theluthi mbili ni alama ngapi?"

Fundi akahesabu kwa kidole. "Nane."

"Robo tatu?"

"Tisa."

"Sasa vipande vinalingana. Jumlisha."

"Kumi na saba."

"Na ukuta unataka ngapi?"

Kopo zima alama kumi na mbili, theluthi moja alama nne. "Kumi na sita," akasema. Miaka thelathini alijiona mjinga, na hakuna aliyewahi kuketi naye chini kumwonyesha. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa mke mwenye mama kama huyu.

Saa tisa ukuta ulikuwa umekwisha, bluu moja kona hadi kona.

Jioni mama mkwe alikuta kigoda chake kimepakwa rangi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ilibaki."

"Kiasi gani?"

"Sehemu moja ya kumi na mbili, mama," akajibu, bila kutazama chini.