Dawa Nyeupe Inaunguza

Hospitali nzima ilimwita Mama Usingizi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Alikuwa na mkono mwepesi na utani mwingi. Watoto walipitiwa na usingizi wakiwa bado wanamcheka. Jambo moja tu hakulipa uzito. Ile dawa nyeupe kama maziwa ilipoingia mshipani, watoto wengi walikunja uso na kuvuta mkono. "Ni kidogo tu," alizoea kusema. "Wakiamka hawakumbuki."

Alisema hivyo miaka kumi na moja, mpaka alipoletwa Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa miaka minane, aliyemwagikiwa na maji ya moto kifuani na begani. Jina hilo alipewa na baba yake, maana kutwa alikuwa hafungi mdomo. Siku ya upasuaji wa kwanza aliuliza maswali hadi mlangoni. Ya pili alinyamaza. Asubuhi ya tatu, Mama Usingizi alipokwenda kumwona wodini, mtoto aliuficha mkono chini ya shuka.

"Kulikoni, mwanangu? Leo umeninunia?"

Baba yake, fundi seremala mpole, ndiye aliyejibu. "Sista, tangu juzi halali. Anasema kisu hakiogopi. Anaogopa ile nyeupe."

"Inaunguza," Chiriku akasema. "Kama yale maji. Inapanda huku, halafu siwezi kusema."

Mama Usingizi aliketi kitandani, utani wote umemkauka.

"Ulikuwa unakumbuka siku zote hizi?"

"Mara zote mbili."

"Nisamehe, mwanangu."

Seremala alitazama sakafu. Hakuzoea kusikia watu wa hospitali wakiomba radhi.

Dawa ya kupunguza maumivu yale ilikuwapo. Mama Usingizi alijifunza kuitumia chuoni, akaiacha kwa sababu ya haraka za kazi. Chumba cha upasuaji kilipokuwa tayari, alifunga mpira juu ya kiwiko cha Chiriku, kisha akaingiza dawa kidogo isiyo na rangi.

"Hii ni ya ganzi, inatangulia. Mpira unaizuia isikimbie. Tuhesabu pamoja mpaka sitini."

Daktari mpasuaji alikuwa ameshavaa glavu. "Tunangoja nini? Foleni ni ndefu."

"Dakika moja, daktari."

"Kwani si kidogo tu? Akiamka hatakumbuka."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwingine, yakamchoma. "Huyu anakumbuka," akasema. Hakupaza sauti, lakini daktari alirudi nyuma hatua moja, akangoja.

Walihesabu. Kwenye arobaini sauti ya mtoto ilitetemeka. Mama Usingizi akahesabu kwa niaba yake. Walipofika sitini alifungua mpira, akasukuma ile nyeupe polepole, macho kwenye vidole vidogo. Havikujikunja.

"Umeshaitia?"

"Inaingia sasa hivi."

"Mbona hai..." Akalala neno likiwa mdomoni.

Baadaye baba yake aliuliza swali moja tu: "Alilia?" Alipoambiwa hapana, alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja.

Mama Usingizi alinawa mikono muda mrefu, akijaribu kuwakumbuka watoto wa miaka ile yote. Walikuwa wengi mno. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, asiyejua bado kumweleza mtu anapoumia. Naye alimfunga mpira, akasubiri.