Mdundo wa Msiba Haujaribiwi

...tena si kwamba Ditram anapiga, vidole ndio vinapiga vyenyewe, juu ya dumu tupu la mafuta ya kula, hapa barazani kwa Mzee Kasian, Kidete, na mzee yuko ndani hoi, anavuta pumzi kama msumeno kwenye mti mbichi... Ditram huyu huyu, akipiga ngoma Kilosa simba wa Mikumi wanaulizana nani kaingia mjini, leo anaogopa dumu... "We Ditram, acha kugonga, baba anaumwa," Teresia, bintiye mzee, yuko mlangoni, haya dada, naacha, akaacha, vikaanza tena... mzee ndiye kamfundisha yote, mdundo wa harusi, wa jando, wa mavuno, polepole, kila siku, mpaka mkono ujue wenyewe, ila huu wa msiba unausikiliza tu, kamwambia, haujaribiwi bila maiti, ukiuita msiba utakuja... Ditram kacheka, nani angoje watu wafe ndipo ajifunze, na siku hizi kila kitu ruksa, maredio kaseti yameingia makubwa kama kabati, watu wanakodi kilio cha kwenye kanda, mpiga ngoma ale nini, basi akaujaribu, huko shambani, kila alfajiri, masika na kiangazi, mwanzoni kama mbuzi juu ya bati, ukanyooka, ukakolea, mpaka mahindi yakainama kwa huzuni, wallahi, na mzee naye akaanza kukohoa... "Kasian, kufa basi tule ubwabwa!" Mwinshehe huyo, mtani wao, anapita njiani, "Jeneza nimeshakununulia la mtumba!" na Teresia, pamoja na machozi, "Tangulia wewe, mtani, ukatushikie nafasi!" Ditram naye kacheka, vidole havikucheka, viko kwenye ule ule wa msiba, du, du-du... na kule ndani msumeno unavuta, du, unarudi, du-du... hapana, imetokea tu, hebu apunguze mwendo, akapunguza, na pumzi ndani ikapungua, Mungu wangu, akaharakisha, ikamfuata mbio... mkono ujue wenyewe, haya, umejua, umejua kuliko mwenyewe... "Ditram! Si nimekwambia uache?" ndiyo dada, naacha, kasema, na anapiga, taratibu, asikosee hata pigo moja, maana kupiga anaogopa, na kuacha anaogopa zaidi...