Kimya Kikiwa Hewani

Bi Concepta Lavin, mkurugenzi wa Redio Bonde, aliingia na vikombe viwili vya chai na kuufunga mlango kwa kisigino. Fintan Cregg alipoona kimoja ni chake alijua hakuna jema. Concepta hakuwa mtu wa kumpelekea mtangazaji chai bure bure.

"Rafiki yako karudi hewani," alisema.

"Rafiki gani?"

"Fintan, usinifanye mtoto. Malachy Tarpey. Jumapili iliyopita kasikika mpaka Ufini, na huko wanamsifu." Akaketi. "Wiki ijayo tuko mbele ya tume kuomba leseni yetu iongezwe. Wenzetu wanaoimezea mate wanapita wakisema sisi ni maharamia wa redio tuliooga tu. Sasa nisikilize vizuri. Ukionekana karibu na lile banda, mimi sikujui. Siku hiyo hiyo utabeba kaseti zako uende."

"Sijakanyaga kule miaka sita, bi mkubwa."

"Basi ifike saba," alisema Concepta, akamsogezea kikombe.

Chai ilikuwa kali mno, lakini Fintan aliinywa yote. Ile kazi aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari, yeye ndiye aliyesoma matangazo ya vifo, na kaunti nzima ilinyamaza kumsikiliza. Wakulima walizima matrekta, na bibi vizee waliongeza sauti ya redio na kushika rozari. Hata wasiomjua kwa sura walimwamkia dukani pindi alipofungua mdomo kuomba mkate. Kwa mtu aliyeanza maisha yake ya utangazaji ndani ya banda la kuni, akiwa amejitanda gunia mabegani, hayo hayakuwa mambo madogo.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya akina Tarpey, juu ya kilima cha Killadeer. Malachy aliuunda mtambo wa masafa mafupi kwa vyuma vya meli iliyokatwakatwa na vikorokoro vya hospitali, kisha wakafunga waya kutoka bomba la moshi hadi kwenye mti wa mbali malishoni. Wakaiita Redio Kunguru. Fintan alikuwa sauti, Malachy alikuwa mikono. Walirusha matangazo Jumapili asubuhi, maana Jumapili asubuhi wakaguzi wa serikali nao walikuwa binadamu, walitaka misa na nyama ya kuoka. Barua zilikuja kutoka Ujerumani, Polandi, na hasa Ufini, na Attracta, dada mdogo wa Malachy, alimjibu kila mmoja kwa kadi aliyoichora kunguru kwa mkono wake.

Mle bandani mlikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu hagusi mtambo akiwa peke yake. Umeme uliokuwa mle ndani ungeweza kumwangusha ng'ombe, kwa hiyo Malachy alipofungua kifuniko, mkono mmoja aliutia mfukoni, ili umeme ukimpata usivuke kifua, na Fintan alisimama nyuma yake na mpini wa ufagio, tayari kumsukuma mbali. Ya pili, wakaguzi wakivamia, aliye ndani asizime kitu wala aseme neno. Aache mtambo uungurume mtupu. Kimya kikiwa hewani, mwenzio, usije.

Sheria hiyo ya pili ilimwokoa Fintan mara moja. Alikuwa njiani na begi la sahani za muziki, redio ya gari imefungwa kifaa cha kunasa masafa yao, akasikia wimbo unakatika na kimya kinafuata. Akageuza gari darajani. Malachy alipelekwa mahakamani peke yake, akaulizwa mwenzake ni nani, akajibu kwamba ile sauti nyingine ilikuwa yake pia, akiwa na mafua. Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Ndiyo maana serikali ilipoamua kutoa leseni, na kusema wanaotaka wazime mitambo yao kabla ya mwaka mpya, jina la Fintan lilikuwa safi kama sahani ya padri. Mwenye jina chafu alibaki kilimani.

"Nenda bwana," Malachy alimwambia siku ile, akiwa anacheka. "Nenda kawatangazie mbolea."

"Na wewe?"

"Mimi nikienda, nani atamjibu Mfini wangu?"

Jumamosi jioni, siku moja baada ya ile chai, Fintan alimpigia simu. Alipiga kutoka kibanda cha simu karibu na posta, si nyumbani, na alijionea haya kwa hilo.

"Loo!" Malachy alisema alipoitambua sauti. "Sauti ya maiti! Umenipigia kunijulisha kwamba nimekufa?"

"Acha masihara. Zima mtambo, Malachy. Wiki mbili tu, mpaka tume ipite."

"Tume yako, bwana, si yangu." Akakohoa. "Halafu siwezi kuzima sasa. Kuna taa moja ya mtambo inawaka vibaya, inatoa rangi ya zambarau. Kesho nataka niiangalie ikiwa kazini. Attracta atakuwa misa, kisha kwa shangazi mpaka jioni. Njoo unishikie ufagio."

Mvua ilikuwa inapiga kioo cha kibanda. Fintan aliangalia huku na huku barabarani kama mwizi.

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Najua. Nilikuwa nakuchokoza tu."

"Basi usiifungue peke yako. Nisikie basi."

"Ndiyo, mama," alisema Malachy, akakata simu.

Jumapili mvua haikukoma. Mke wa Fintan alikwenda kanisani, naye akabaki akisingizia koo. Alipobaki peke yake aliitoa redio ya zamani chini ya ngazi, akaifuta vumbi, akaizungusha taratibu hadi pale masikio yake yalipopajua. Kusikiliza si kosa, alijiambia. Hata Concepta angekubali.

Malachy alikuwepo. Sauti yake ilikuwa imezeeka, nzito ya sigara, ikiwasalimu watu wa Ufini mmoja mmoja kwa majina. Akaweka muziki wa kodiani, ule wa taratibu wanaouchezea wazee harusini. Fintan alijikuta anatabasamu, mguu unagonga sakafu. Ilikuwa raha kumsikia, na wivu pia ulikuwemo. Miaka sita alikuwa hajasema hewani jambo ambalo halikuandikwa na mtu mwingine.

Kisha muziki ukakatika katikati.

Kulikuwa na kishindo, kama gunia la viazi limeangushwa. Halafu hakuna kitu. Lakini hewa haikuwa tupu; mtambo ulikuwa bado unarusha, na redio ilitoa ule mvumo laini ambao Fintan angeutambua hata usingizini. Kimya kilikuwa hewani.

Wakaguzi, aliwaza. Wamemvamia. Na Malachy, baada ya miaka yote, bado anaishika sheria, anamwambia asije.

Alisogeza sikio. Kitu kilikuwa kinakwaruza, kama kiti kinavutwa kwenye saruji. Kikanyamaza, kikaanza tena. Wanahamisha vitu, alijiambia, wanapekua. Halafu pakasikika kugonga, taratibu, mara tatu. Halafu tena mara tatu.

Sasa, Fintan hakuwa mjinga. Alijua wakaguzi wakiingia kitu cha kwanza wanachokitafuta ni swichi kuu. Hakuna mkaguzi duniani anayeuacha mtambo haramu uendelee kurusha huku yeye anasogeza viti. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, na lilimjia kichwani, likasimama mlangoni likabisha. Hakulifungulia. Funguo za gari zilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Na kilima kilikuwa karibu, mwendo wa dakika chache tu. Aliwaza gari lake limeegeshwa nje ya banda, mtu anapita, Jumatatu Concepta anamkabidhi sanduku la kaseti zake.

Kimya kikiwa hewani, usije. Sheria si waliitunga wote wawili? Malachy mwenyewe ndiye aliyeisisitiza.

Kugonga kukarudi, kwa udhaifu zaidi. Fintan akaizima redio, akairudisha chini ya ngazi na kuifunika blanketi. Mke wake aliporudi alimkuta ameshaweka nyama kwenye oveni na kumenya viazi vingi kupita kiasi.

Jumatatu, kabla ya taarifa ya habari, simu ya studio ililia. Ndivyo watu walivyoleta matangazo yao, kwa simu, naye aliyaandika kwa mkono.

"Fintan? Ni Attracta. Nina tangazo."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Hakuweza kuandika.

"Nimemkuta jana jioni nilipotoka kwa shangazi," alisema. Alizungumza polepole sana, kama anayepita kwenye utelezi. "Mtambo ulikuwa bado unaunguruma. Kifuniko kiko wazi. Umeme umemrusha akaipiga nyonga kwenye meza ya chuma, na kichwa."

"Pole, Attracta. Pole sana. Masikini... umeme..."

"Daktari anasema umeme haukumuua. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, Fintan. Mpaka namkuta ulikuwa mfukoni. Nyonga ndiyo iliyovunjika, akashindwa kusimama. Baridi ndiyo imemmaliza, na damu. Saa nyingi, daktari anasema. Amejiburuza mpaka karibu na maikrofoni, ilikuwa imeanguka sakafuni. Yule mtu alikuwa hai wakati mimi nakula keki kwa shangazi."

Fintan alifumba macho.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," Attracta alisema. "Jana ulikuwa unasikiliza?"

"Hapana." Lilitoka haraka, tena kwa ile sauti yake nzuri. "Nilikuwa kitandani. Koo."

"Haya. Andika. Malachy Tarpey, Killadeer. Ghafla, nyumbani kwake. Anaombolezwa na dada yake Attracta. Mazishi Jumatano, baada ya misa ya asubuhi."

Aliandika. Concepta, aliyekwisha kusikia habari koridoni, alimshika bega. "Mungu amrehemu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa kuwa na yeye alikuwa mtu mwenye madeni na wafanyakazi, "Angalau tume sasa haitakuwa na la kusema."

Taa nyekundu ikawaka. Fintan alisoma jina la kwanza, mjane wa kijiji cha jirani, na la pili, padri mstaafu. Sauti yake ilikuwa imara. Akafika la tatu.

"Malachy Tarpey," alisoma, "wa Killadeer..."

Neno lililofuata lilikuwa pale karatasini, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ghafla. Alilisoma kila siku, kwa kila aliyeanguka shambani au barabarani, halikuwahi kumkwama. Sasa alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nyuma ya kioo fundi mitambo alisimama, akapunga mikono, akaonyesha taa nyekundu. Fintan aliiona. Alisikia mvumo ndani ya vipaza sauti vya masikioni, laini, ule ule, na nje huko matrekta yamezimwa na kaunti nzima inasubiri. Ilikuwa kama wakati wowote mtu angegonga.

Alikuja kupata sauti baadaye, hakujua baada ya muda gani. Akalisema lile neno, akamaliza majina yaliyobaki, akamwachia fundi muziki. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

Simu ya studio ililia kabla wimbo haujafika katikati. Aliiangalia ikilia, kisha akaiinua.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza," Attracta alisema.

Fintan aliigeuza ile karatasi ya majina, ikatazama meza.

"Nimekusikia ulivyokwama kwenye 'ghafla', Fintan. Mimi nimekulia kwenye lile banda, najua kimya kikiwa hewani maana yake nini." Hakuwa analia. "Basi Jumatano usije."