Wimbo wa Kupura Maharage

Mwaka ule vita vilipofunga barabara ya Walikale, lori la Papa Athanase, mfanyabiashara wa Butembo, lilikwama kwetu Kashebere. Yeye aliondoka kwa pikipiki. Piano yake ya umeme akaniachia mimi, mwalimu wa kwaya. Barabara ilipofunguka alirudi kuichukua, nami nikamsihi sana aiache.

"Mama Emérita," akasema, "siku ya soko natoka. Kama wanafunzi yako wanapiga wimbo muzima, piano inabakia. Kama hapana, napakia."

Wimbo mzima? Wanafunzi wangu hawakuweza hata robo. Nilikuwa nimewachagulia nyimbo za ukurasa wa kwanza wa kitabu cha masista, zile za wanaoanza, zote za theluji na kengele. Theluji yenyewe sijawahi kuiona, lakini niliwafokea kana kwamba nimezaliwa ndani yake. Thacienne, aliyekimbia vita kutoka Kingi, alikosea kila mstari. Jules, fundi viatu, alikuwa akifika katikati ya wimbo anasahau anakoelekea. Nikaona piano imeshakwenda, na roho ikaniuma.

Siku moja kabla ya soko walikuja kunisaidia kupura maharage yangu. Tulisimama kama kawaida, safu mbili zikitazamana: hawa wanaimba na kupiga fimbo, wale wanajibu. Anayepiga kabla ya zamu yake huchapwa mkono na aliye mbele yake. Hasira zilinifanya niwahi, na Thacienne akanichapa.

"Mwalimu, ngoja zamu," akasema, na uwanja mzima ukacheka.

Hapo ndipo nikawatazama vizuri. Thacienne na Jules hawakukosea hata kidogo. Na wimbo wenyewe ulikuwa na sauti tatu tu, ambazo kila mtu huku milimani anazijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Acheni fimbo," nikasema. "Mukuje ku piano. Maharagi itatungojea."

Nilitaka waketi kwenye benchi, wakakataa. Thacienne akasimama upande huu wa piano, Jules upande ule, wakitazamana. Jules, kwa kuwa alisimama nyuma ya piano, alibonyeza vibonye kwa kinyume, na sikumrekebisha. Kufikia jioni nilikuwa nimekauka koo kwa kuimba, na furaha inanichezesha miguu.

Siku ya soko Papa Athanase alisimama mlangoni, mikono kifuani, lori likinguruma nje. Thacienne akapiga, Jules akajibu. Mara ya pili watu wa sokoni walijibu pamoja naye kutoka dirishani. Papa Athanase akasogea, akasogea tena, akanyoosha kidole kimoja na kubonyeza, kabla ya zamu.

Thacienne akamchapa mkono bila hata kumtazama.

Wimbo ukakatika. Nikafumba macho, nikijua sasa piano inapakiwa.

"Mama yangu alikuwa ananipiga hapa hapa," akasema Papa Athanase, akisugua mkono wake. "Murudilie. Nitangoja."

Wakarudia mpaka mwisho, naye akajibu kwa kidole chake kimoja, jasho likimtoka. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Hatimaye mwenye lori akapanda mikono mitupu, akachungulia dirishani.

"Mama Emérita, nikirudia huku, unitafutie wimbo ya kuanza nayo. Lakini ikuwe rahisi."