Noti Bila Maneno

Kwenye wimbo wa tatu wa asubuhi, Ozella Crim alimsikia dada yake akiimba, na dada yake alikuwa kaburini tangu Machi.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Julai, siku ya kuimba kutwa katika kanisa la mbao la Bethsaida, kaskazini mwa Alabama. Madirisha yalikuwa wazi, nyenje wakilia nje, na waimbaji wameketi pande nne wakitazamana kwa makundi ya sauti: tenori, alto, besi na sauti ya juu. Katikati palibaki wazi kwa anayeongoza. Kinanda hakuna, na msikilizaji hakuna. Ukija Bethsaida unaimba. Kila wimbo huimbwa kwanza kwa majina ya noti, fa, so, la, mi, ndipo maneno hufuata.

Sauti ile iliimba noti tu. Ilitokea kushoto kwa Ozella, mahali ambapo mto wa kukalia wa Lurline ulikuwa bado upo na hakuna aliyethubutu kuukalia. Ilichelewa kidogo nyuma ya wenzake, kama Lurline alivyochelewa maisha yake yote. Maneno yalipoanza, ikakatika.

"Umesikia?" Delphia, mwimbaji mwenzao wa alto, aliuliza kutoka upande wa pili wa mto ule.

"Nimesikia nini?"

"Haya. Kama wewe hujasikia, basi na mimi sijasikia." Akaivuta sketi yake isiguse mto.

Ozella alifungua kitabu, lakini herufi zilimchezea machoni. Sauti angeweza kuikana. Ule ukimya wakati wa maneno asingeweza, kwa sababu aliutengeneza mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mwezi wa Februari, alimchukua mama yao nyumbani kwa Lurline kumpeleka kwenye siku ya kuimba huko bondeni. Mama alikuwa na miaka themanini na minne na kikohozi cha wiki nzima. Mvua ya barafu iliwakuta njiani, gari likazama kwenye tope, wakatembea. Mama aliimba siku ile kama msichana, akala vipande viwili vya pai ya pichi, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Siku ya tisa wakamzika. Pale pale kaburini Lurline akasema mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyemuua."

Kesho yake asubuhi Lurline alikuja mlangoni kwa Ozella, macho yamevimba.

"Ozie, nisikilize. Kuna neno moja tu..."

"Nisisikie neno lako tena! Umenielewa? Hata moja!" Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Basi Lurline akatii, na ukaidi wa watoto wa Crim mnaujua au hamuujui. Aliendelea kuketi palepale, bega kwa bega na mdogo wake. Noti aliziimba zote. Maneno yalipofika, alifunga mdomo akamtazama Ozella juu ya miwani. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watu wa Bethsaida walishika majembe yao miaka kumi na mmoja, wakisubiri mapatano. Badala yake Machi ikaja, na moyo wa Lurline ukasimama jikoni, maji ya chai yakichemka.

Sauti iliimba wimbo wa nne, wa tisa, wa kumi na tano. Ozella aliogopa, tena aliogopa sana, lakini kilichomuuma zaidi ni ule mkato. Kila maneno yalipoanza alijikuta amekaza shingo upande wa kushoto, akingoja, naye haambulii kitu.

Saa sita kasoro, mwenyekiti Hershel alisimama. Hapo kwao zamu ya kuongoza huitwa somo, na somo la mwisho kabla ya chakula ni la ukumbusho, ambapo majina ya waliokufa mwaka ule husomwa, kisha wimbo huimbwa kwa ajili yao.

"Dada Ozella, somo ni lako."

Aliingia katikati na karatasi yake. Ilikuwa na majina kumi. La Lurline hakuliandika. Kuliandika kungekuwa kukubali kwamba kesi yao imefungwa, naye ndiye muuaji, na hakuna wa kumsikiliza tena.

Akasoma majina kumi. Watu wakangoja. Vipepeo vya karatasi vya kujipepea vilisimama mikononi.

"Na Lurline Crim," alisema. Akageuka kuelekea benchi la alto, kwenye ule mto. "Dada, mdomo wangu ndio uliokufunga. Nalifuta lile katazo langu. Sema. Hata kama ni lile la kaburini, rudia, nitalisikia."

Mtu mmoja upande wa besi akakohoa. Hershel akatoa sauti ya kuanzia, na Ozella akainua mkono.

Noti zikaimbwa. Ile sauti ilikuwapo, nzima, ikichelewa. Ozella akauinua mkono kwa ajili ya maneno, ukashuka, na maneno yakaanza, na sauti haikukatika. Delphia alifumba macho. Beti tatu zote Lurline aliimba, kila neno nyuma kidogo ya wenzake, na Ozella akaongoza huku machozi yakimwingia mdomoni.

Wimbo ukaisha. Vitabu vikafungwa. Katika ukimya ule, kutoka kwenye mto usio na mtu, likaja lile neno lililoletwa mlangoni miaka kumi na mmoja nyuma. Halikuimbwa, lilisemwa kwa sauti ya kawaida ya jikoni.

"Siku ile Mama alikuwa ameshavaa viatu tangu alfajiri, Ozie. Usingekuja kumchukua, angekwenda kwa miguu."